Sketi ya Bi Mkubwa

Jina la Bi Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na akina mama wenye watoto wa shule. Alikuwa fundi cherehani wa sare, na kila sare iliyotoka mikononi mwake aliiachia pindo nene kama mkanda wa askari, ili mtoto akirefuka na nguo nayo irefuke. Mjini mle mna watu wazima, wenye vitambi na vyeo, waliomaliza shule ya msingi na sare moja tu ya Bi Pindo, inafumuliwa kidogo kila mwaka mpaka pindo likaisha na shule ikaisha. "Nguo isiyo na pindo," alikuwa akisema, "ni kama mwanamume asiye na mama mkwe. Haina adabu." Wateja hawakuelewa nguo na adabu vinakutana wapi, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza, maana Bi Pindo alizungumza huku ameuma pini mdomoni, na kila neno lilitoka na ncha yake.

Kushona alijifunza akiwa bibi harusi mbichi. Mama mkwe wake, mwenye cherehani, alimkagua vidole akasema, "Mikono hii ni ya jembe, lakini tutafanyaje, ndiyo tuliyoletewa." Kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa kubana suruali ya baba mkwe. Aliibana kwa bidii kiasi kwamba miguu miwili ikaungana ikawa mmoja. Baba mkwe, mtu mpole asiye na kifani, aliivaa hivyo hivyo, akaruka nayo kama chura kutoka chumbani mpaka sebuleni, akasema imemkaa vizuri ila inapunguza hatua.

Mama mkwe alipokaribia kufa, alitamka mbele ya watu kwamba cherehani aachiwe mkwe, si binti. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Binti huyo, yaani wifi yake Bi Pindo, alimzika mama yake kwa jicho moja lenye machozi. Jicho la pili lilikuwa kwenye cherehani. Tangu siku hiyo mawifi hao walisalimiana kwa heshima zote, na kila salamu ilikuwa na sindano ndani.

Mumewe Bi Pindo alikuwa mstaafu wa bendi ya polisi, watu wakimwita Mzee Tarumbeta. Mashavu yake, baada ya kupuliza umri wote, yalikuwa yamelegea kama soksi iliyokatika lastiki. Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni mwa duka, kati ya muuza betri na kinyozi, akiwashauri wateja mambo ambayo hawakumwuliza.

Basi mwaka mmoja joto lilipanda likasahau kushuka. Mvua zilikuwa zimepotea njia; zikija, zinakuja zote siku moja, zinabeba mabanda ya watu, kisha haziagi. Katika hali hiyo Meya akaalikwa kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, huko mbali. Akarudi na mfuko wa kitambaa wenye picha ya jani, mafua ya kiyoyozi, na wazo.

Wazo lilikuwa sanamu. Tena si sanamu ya mtu mmoja kaketi kwenye kiti, bali sanamu kubwa kupita kiasi, itakayowaamsha wananchi wajue kwamba dunia inaungua. Wananchi hawakuona haja ya kuamshwa, kwa kuwa ndani ya nyumba zao za mabati usingizi wenyewe ulikuwa haupatikani.

Mahali palipochaguliwa ni pale kwenye mzunguko wa magari, katikati ya mji, mbele ya ofisi za halmashauri. Pale palikuwa na miti mikubwa ya kivuli, iliyopandwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Chini yake walikaa washona viatu, wauza magazeti, wagonjwa wanaosubiri usafiri, na wapenzi wasio na nauli ya kwenda mbali. Miti ikakatwa yote, ili sanamu ionekane.

Bi Pindo na mumewe walisimama pembeni wakitazama mti wa mwisho ukienda chini.

"Baba, hivi wanakata miti ili watukumbushe kutunza miti?"

"Ndiyo."

"Nilidhani nimesikia vibaya."

"Hukusikia vibaya," akasema Mzee Tarumbeta. "Ni kama kumpiga mtu kofi ili upate kumwuliza shavu linaumaje."

Msanii aliletwa kutoka mji mwingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, mtu wa kusahau kula mpaka njaa imkumbushe kwa kumwangusha. Akazungushia mabati mzunguko mzima, akajifungia humo kiangazi chote na vyuma vyake na saruji yake. Watu wakasikia nyundo, wakaona cheche, wakazoea. Siku mabati yalipoondolewa, mji ulisimama.

Alikuwa mwanamke, mrefu kuliko jengo lolote la pale, amesimama kajifunika uso kwa viganja. Ngozi yake ilikuwa na nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Mbavu zilihesabika, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini msanii hakuwa amebana saruji hata kidogo. Chini ya miguu yake paliandikwa DUNIA INAUNGUA. Na hakuwa na hata uzi mwilini. Kinyozi, aliyewahi kuona picha za sanamu za ng'ambo, alisema kule huwekewa angalau jani. Huyu hakuwekewa jani. Pengine jani lilibaki kwenye mfuko wa Meya.

Watu wakamwita Bi Mkubwa. Madereva wa malori, waliojua mji ule kama viganja vyao, ghafla wakaanza kupotea njia: mtu anazunguka, anazunguka tena, anasema anatafuta barabara ya kutokea. Hapo wifi akapata kazi aliyozaliwa kuifanya. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama Wenye Staha, na aliandamana nao hadi kwa Meya, nyuma yao wakiwa viongozi wa dini zote. Viongozi hao kwa kawaida hawakubaliani hata saa ya kuanza kikao, lakini siku ile walikubaliana kabla ya kukaa.

Meya hakuwa na pa kutokea. Sherehe ya uzinduzi ilikuwa inakaribia, wageni wa ule mkutano wa tabianchi wangekuja. Akamwita Bi Pindo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishona sare za askari wa halmashauri.

"Mama, tuna mteja wako," Meya alisema, macho dirishani. "Wa kike. Mnene kidogo."

"Aje dukani nimpime."

"Hawezi kuja."

"Mgonjwa?"

"Wa saruji."

Msanii, aliyekuwa ameketi pembeni kama mfiwa, akainuka. "Mheshimiwa, nakuomba kwa mara ya mwisho. Uchi ule si uchi. Ni dunia iliyovuliwa misitu yake! Ukimvisha, umeufunika ujumbe."

"Mwanangu," akasema Bi Pindo, "ujumbe wako tumeuona wote, mbele na nyuma. Hata mume wangu ameuona. Jana ametoka mara nne kwenda kuuona, ananiambia anafuata dawa ya meno."

Akakubali kazi. Aliwaambia watu kwamba amekubali kwa ajili ya heshima ya wanawake, na mumewe akamwambia amekubali ili wifi alazimike kumshukuru hadharani. Vyote viwili vilikuwa kweli, lakini kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakulisema. Umri wake wote alikuwa ameshona sare: shati jeupe, sketi ya buluu, shati jeupe, sketi ya buluu. Nguo zake zilipita mjini kwa mamia, na hakuna hata moja iliyomfanya mtu asimame akauliza, nani kashona? Sasa alikuwa amepata kiuno cha kuonekana kutoka stendi ya mabasi.

Kitambaa ndicho kilichokuwa na kasoro. Meya alisema bajeti imeishia kwenye saruji, ila stoo ya halmashauri ilikuwa imejaa mabango ya kampeni za uchaguzi uliopita, yale makubwa ya turubai jepesi, yaliyokusanywa barabarani baada ya kura. Yalikuwa ya wagombea wote. Upande mmoja yana nyuso na ahadi, upande wa pili ni meupe.

"Utageuza," Meya akasema. "Nyuso zikae ndani."

"Ndani ya sketi?"

"Nani ataangalia ndani ya sketi ya sanamu?"

Bi Pindo alimtazama Meya kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema hataoa kamwe.

Siku ya kupima, futi yake ya kawaida ilikuwa haifiki hata kwenye goti, kwa hiyo alichukua kamba ya kuanikia nguo. Mzee Tarumbeta, anayeogopa hata kupanda kitandani kukiwa na shuka jipya, alishika ngazi kwa chini, macho kafumba. Huko juu kwenye jukwaa la ujenzi Bi Pindo alizungusha kamba kiunoni, msanii akiipokea upande wa pili, na wakakutana mgongoni mwa Bi Mkubwa kama watu wanaofunga mzigo.

"Kiuno hiki umekikosea," Bi Pindo akasema. "Upande huu umezidi."

"Nimekusudia. Dunia imepinda."

"Dunia ipinde tu. Kiuno kikipinda, sketi inashuka."

Msanii akacheka, kicheko cha kwanza tangu aje mjini. Bi Pindo akamtolea chakula alichofunga kwenye bakuli, maana hakuwa amemwona akila tangu asubuhi. Akiwa anakula, miguu inaning'inia hewani, Bi Pindo akamwuliza kwa nini yule mama kajifunika uso.

Msanii akaangalia chini kama kuna waandishi wa habari. "Wao nimewaambia ni aibu ya dunia kwa matendo ya binadamu."

"Na mimi unaniambiaje?"

"Nyuso hunishinda, mama. Kila nikijaribu, anatoka mtu mwenye hasira ya kuumwa jino."

Walicheka mpaka jukwaa likatikisika na Mzee Tarumbeta akapiga kelele kutoka chini kwamba yeye mjane hataki kuwa. Tangu hapo wakawa marafiki, ingawa kuhusu sketi hawakukubaliana hata siku moja.

Cherehani ilihamishiwa kwenye ukumbi wa halmashauri, viti vyote vikatolewa nje. Bi Pindo alishona akiwa amezama katikati ya turubai kama mtu anayeoga mtoni. Mhandisi wa halmashauri alimshauri atoboe matundu ya kupitishia upepo. Akakataa: sketi yenye matundu ni chandarua. Mhandisi akamshauri apunguze marinda. Akakataa zaidi: alikuwa ameshashona sketi za shule zisizo na marinda umri mzima kwa kubania kitambaa, na sasa kitambaa kilikuwepo cha kumwaga. Akaweka marinda mpaka sketi ikifunguka inafunika ukumbi na veranda yake. Walichokubaliana ni pindo tu, ambalo lingejazwa mchanga ili liwe zito.

Kisha Meya akaiwahisha sherehe, kwa kuwa mgeni mmoja mkubwa alikuwa anapita na ndege yake mapema. Kazi ikawa ya mbio. Siku ya mwisho kabla ya kuvisha, wifi akaingia ukumbini kukagua urefu kwa niaba ya Umoja. Akapima kwa macho, akazunguka, akainama, akainua ukingo wa chini.

"Wifi yangu," akasema kwa upole wa kutisha, "mbona haina pindo?"

Angeuliza mtu mwingine yeyote, Bi Pindo angejibu ukweli, kwamba muda umembana na anaomba msaada wa mikono. Lakini aliuliza wifi.

"Pindo ni la mtu anayekua," Bi Pindo akajibu. "Huyu wa saruji, anakwenda wapi?"

Na kwa neno hilo akawa amejifunga mwenyewe. Sketi ikapandishwa bila pindo.

Uzinduzi ulihudhuriwa na mji mzima. Msanii alikuwa amepitisha mabomba kwenye viganja vya sanamu ili machozi yatiririke, na maji, ambayo mtaani yalikuwa ya mgawo, siku hiyo yalifunguliwa kwa heshima ya wageni. Machozi ya kwanza yalipotoka, akina mama waliokaa safu za mbele wakakimbia kuchukua ndoo. Mgeni mkubwa alidhani ni sehemu ya onyesho, akapiga makofi.

Meya akashika kipaza sauti. Akasema dunia ni mama, na mama hadhalilishwi. Akasema yeye binafsi yuko karibu na wananchi. Hapo upepo ukaja. Haukuwa upepo mkubwa. Ulikuwa ule wa mchana unaopeperusha karatasi za maandazi. Ukaingia chini ya sketi, ukapata marinda yote yale, ukafurahi. Sketi ikavimba, ikainuka polepole kama keki, halafu kwa mpigo mmoja ikapinduka mpaka kichwani kwa Bi Mkubwa. Ndani ikawa nje. Na pale nyuma, juu tu ya mahali pale hasa ambapo Umoja wa Akina Mama ulitaka pafunikwe, ukaning'inia uso wa Meya, mkubwa kama ukuta wa nyumba, meno yote nje, na chini yake maneno: NIKO KARIBU NANYI.

Kicheko kilichotoka pale watu bado wanakisimulia. Kulikuwa na askari aliyecheka mpaka akaketi chini na bunduki yake. Bendi, isiyojua la kufanya, ikaendelea kupiga. Wifi hakucheka. Alimtafuta Bi Pindo kwa macho katikati ya umati, akampata, akatamka bila sauti, midomo tu, neno moja: "Pindo."

Bi Pindo alirudi nyumbani kwa vichochoro. Akafunga duka, akaketi gizani kati ya sare zilizoning'inia. Watu waliopita nje walimtania: Bi Pindo kasahau pindo! Hilo ndilo lililomchoma. Angechekwa kwa kiburi chake asingejali, lakini kuchekwa kwa pindo ilikuwa kama mvuvi kuzama kwenye beseni.

Mzee Tarumbeta akaingia, akaketi kwenye marobota ya vitambaa.

"Nimewahi kukuambia habari ya yule rais mgeni?" akauliza.

"Sitaki hadithi."

"Alikuja kwa ziara. Bendi tukampigia wimbo wa taifa. Tulipofika katikati tukagundua ni wimbo wa nchi jirani yake, ambayo anapigana nayo vita."

Bi Pindo akageuza kichwa kidogo. "Akafanyaje?"

"Alisimama wima mpaka mwisho. Mtu wa adabu sana."

"Na nyinyi mkafanyaje?"

"Kesho yake tukaenda kazini," akasema mzee. "Kuna siku nyingine ya kwenda?"

Kesho yake Bi Pindo akaenda kazini. Alipanda jukwaa lililokuwa bado halijabomolewa, akaishusha sketi mahali pake, akaanza kulishona pindo kwa mkono, kwa sindano ya magunia, na ndani yake akapitisha kamba nene. Mchanga hakuuamini tena. Miisho ya kamba akaivuta na kuifunga kwenye nguzo za taa zilizouzunguka mzunguko, nguzo ambazo hazijawahi kuwaka lakini zilikuwa imara. Sketi ikatanuka pande zote kama mwavuli. Upepo ukaja, ukaisukuma, ukashindwa, ukaenda zake. Bi Pindo akashuka ngazi akijisikia mtu tena.

Alipofika chini alikuta mshona viatu ameshaketi na sanduku lake.

"Wewe! Umekaa wapi?"

"Kivulini, mama. Samahani. Tangu miti ikatwe, hiki ndicho kivuli cha kwanza."

Kabla ya adhuhuri walikuwa wamejaa. Wauza magazeti walirudi, wagonjwa wa kusubiri usafiri walirudi, na wale wapenzi wasio na nauli nao. Watu walilala chali wakitazama juu, na kutoka juu wagombea wote wa uchaguzi uliopita waliwatazama kwa tabasamu na kuwaahidi barabara. Wale ambao hawakuwahi kusikiliza neno lolote kuhusu tabianchi sasa walizungumza hilo hilo: joto, miti, nani aliamuru ikatwe, na mbona anacheka hapo juu.

Meya akasikia. Wifi naye akasikia. Meya hakutaka kuonekana chini ya sketi. Wifi hakutaka watu waonekane chini ya sketi. Kwa wifi jambo hili lilikuwa baya kuliko uchi wenyewe. "Zamani walikuwa wanapita wakitazama," alisema. "Sasa wameingia!" Amri ikatoka: sketi iondolewe, na aliyeishona ndiye aikate.

Bi Pindo akapanda na mkasi wake mkubwa. Ilikuwa jua la utosi. Umoja wa Akina Mama Wenye Staha ulikuja wote kushuhudia, wamevaa sare zao nzito za maandamano, wakajipanga barabarani juani, wifi mbele na kipaza sauti cha mkono. Akaanza kuhutubia. Lami ilikuwa inayeyuka, viatu vinanasa. Kutoka juu Bi Pindo aliona kila kitu kama mtu anayetazama sinia: mama mmoja wa mstari wa nyuma alisogea kidogo, akasogea tena, akapotea chini ya sketi. Akamfuata mwenzake aliyesema anakwenda kumrudisha. Akafuata wa tatu na wa nne. Hotuba ikaendelea, mistari ikaendelea kupungua, hadi wifi alipogeuka nyuma akakuta yuko peke yake na jua.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kisha naye, kwa mwendo wa heshima, kama anayeingia kanisani au msikitini akiwa amechelewa, akainama akaingia.

Bi Pindo alikuwa ameweka mkasi kwenye mshono wa kwanza, hajui afanye nini. Alisikia sauti ikitoka chini ya turubai, sauti ile ile ya kila siku ila imepoa.

"Wifi?"

"Naam, wifi."

"Kama ni lazima ukate, anzia upande ule. Huku tumekaa."

Bi Pindo alilazimika kushika kiuno cha Bi Mkubwa asianguke kwa kicheko. Hakukata mshono. Alikaa huko juu akifikiri, halafu akaona njia. Amri ya Meya ilitokana na uso wake. Basi uondoke uso. Akaukata ule mraba peke yake, akaweka kiraka cheupe, akashuka, akaupeleka ofisini ukiwa umekunjwa vizuri, akasema kazi imefanyika. Meya akashukuru.

Siku chache baadaye Meya mwenyewe akatokea kwenye mzunguko, mchana kweupe, akaingia chini ya sketi na wasaidizi wake. Akasalimia watu. Akainua macho. Akaona kiraka cheupe mahali pake, na ubavuni mwa kiraka, mpinzani wake mkubwa, ambaye Meya alimshinda kwa kura chache, anawatabasamia wapiga kura kutwa nzima.

"Mbona huyu yupo na mimi sipo?" akafoka.

"Mheshimiwa uliomba utoke," akasema Bi Pindo.

"Nirudishe."

"Na sketi?"

"Sketi ibaki! Nirudishe, tena katikati."

Ndivyo sketi ilivyobaki. Kwa woga huo huo, halmashauri ikapanda miche kuuzunguka mzunguko, kwa kuwa wananchi walikuwa wamezoea kuulizia miti kwa sauti kubwa sana. Mbuzi wakala nusu. Nusu iliyobaki ikawekewa vizuizi vya matairi, na mhandisi alisema kivuli chake kitakuja, ila tusikisubiri kwa saa.

Msanii aliondoka mjini na sifa. Siku moja Bi Pindo na mumewe wakamsikia redioni akielezea kwamba sketi ile ilikuwa sehemu ya kazi yake tangu mwanzo: dunia kama mama, anayewafunika watoto wake kwa vazi la ahadi za wanasiasa. Mzee Tarumbeta akataka kupiga simu kituoni. Mashavu yalikuwa yameshajaa upepo.

"Mwache," Bi Pindo akasema, pini mdomoni. "Mtoto wa watu hajui hata kuchonga uso, atakula nini?" Lakini usiku ule, akijikagua, aliona imemuuma kidogo. Kesho yake alipanda ngazi na uzi mwekundu, akadarizi kwenye ukingo wa pindo, kwa herufi za kusomeka kutoka stendi: KASHONA BI PINDO.

Kila mwaka kabla ya mvua sketi hushushwa ikatiwa viraka. Kazi ni kubwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo cherehani hupelekwa ukumbini na mawifi wawili hukaa pande mbili za turubai, mmoja anashona, mwingine anavuta. Hawapatani bado. Wifi anasema marinda ni mengi mno, Bi Pindo anasema anayejua zaidi aje akae kwenye kiti. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe azikwe, wifi alikuja akakaa kwenye kiti. Alishona mshono mrefu, umenyooka kiasi, mpaka uzi ukakatika. Bi Pindo akainama, akaupitisha uzi mpya kwenye sindano, akarudi upande wa pili kuvuta.